Viluwiluwi Chumba cha Wageni

Mwaka 1985 mjukuu wangu Turkiya alileta wageni mia nyumbani kwetu Ibra, akawaweka chumba cha wageni, wakalala topeni. Walikuwa viluwiluwi vyekundu, vyembamba kama uzi. Si vya mbu. Mama yao ni kijidudu kama mbu, ila hakiumi. Turkiya alikuwa na kazi ofisi ya maji, na kiyoyozi kipya cha ofisi yake kilikufa kabla hakijawashwa mara mbili. Chetu kilikuwa kizima. Basi viluwiluwi vikapata baridi, mimi nikalala ukumbini na joto langu.

Sababu ya yote ni kisima. Ukingoni mwa wadi, lile bonde la mto mkavu, juu ya kisima chetu, palikuwa na gereji ya Marhoun, ambaye watu wake walirudi kutoka Burundi. Mafuta machafu ya magari na maji ya betri akiyamwaga wadini, na nyumba kumi na moja tukinywa chini yake. Turkiya akithibitisha kuwa tope lile lina sumu, gereji itaondoshwa. Asipothibitisha, faili linafungwa, nasi tunaendelea kunywa.

"Utathibitisha kwa wadudu?" nikamwuliza.

"Mashine itaniambia mna nini ndani ya tope, bibi. Kama linaua au haliui, aulizwe anayeishi ndani yake."

Chupa tano zitiwe tope la Marhoun, tano tope safi kutoka juu ya falaji, mfereji wetu wa maji. Kila chupa viluwiluwi kumi. Baada ya siku kumi vihesabiwe vilivyo hai. Chupa zilikwisha kubandikwa karatasi, nyekundu za Marhoun, nyeupe za safi. Mimi nikapewa kazi moja tu, kuziosha.

Skuli nimesoma madarasa matatu, lakini kuosha chombo sikufundishwa skuli. Kwetu chombo cha maji hakioshwi tu, hufukizwa. Unakipindua juu ya chetezo, kinashiba moshi wa ubani, ndipo unatia maji. Zile tano za karatasi nyeupe nikazifukiza mpaka zikanukia. Za Marhoun nikaziacha. Ubani wangu nimchomee Marhoun? Turkiya hakushtuka, maana nyumba yetu hata mito inanukia ubani.

Siku ya kumi akaja mkubwa wake kutoka Nizwa, Bwana Harub. Marhoun naye akaja, kanzu imepigwa pasi. Turkiya akahesabu. Tope la Marhoun, kumi na vitano hai kati ya hamsini. Tope safi, hakuna hata kimoja.

Marhoun akacheka mpaka akashika mlango. "Shikamoo, Bi Wadha! Umeona? Kwangu watu wanaishi! Hilo safi ndilo la kuogopwa. Wallahi nitaweka bango, tope bora Ibra nzima."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa kahawa, upumzishe mdomo."

Bwana Harub akatoa kalamu afunge faili. Turkiya hakulia, alikuwa akikunja ncha ya shela yake na kuikunjua. Ningenyamaza, nani angejua? Nikaitazama ile kalamu. Ilikwisha kuandika tarehe.

"Ngoja, baba. Chupa za safi nimezifukiza mimi."

"Umezifanya nini?"

"Ubani. Na udi kidogo, ule wa Idi."

"Bibi!" Turkiya akaruka. "Kwa nini?"

"Kwa heshima."

Marhoun akaacha kucheka. "Na zangu?"

"Zako sikuzifukiza."

"Ala! Hata moshi nimenyimwa? Jirani yako mimi?"

"Ndiyo maana vyako vimesalia. Shukuru vile nisivyokupenda."

Kahawa ilimpalia Bwana Harub. Akafuta ile tarehe, akasema mtihani urudiwe kwa viluwiluwi vipya. Safari hii chupa aliziosha mwenyewe, mtu mzima na cheo chake, kachutama barazani kanzu kaipandisha, na Marhoun kamsimamia kama mkwe. Chumba kikafungwa, ufunguo nikanyimwa mimi, katika nyumba yangu.

Siku kumi nyingine. Tope safi, arubaini na sita hai, vinene. La Marhoun, vinane, vidogo hata Turkiya aliviona kwa kioo cha kukuza.

"Basi mimi ninaulinda mji na mbu," akasema Marhoun. "Serikali inapulizia dawa, mimi ninatoa bure."

Bwana Harub akafungua faili. Akaandika kuwa tope lina sumu.

Gereji ikahamia mji wa Bidbid, kwenye njia panda, Marhoun mwenyewe akabaki na nyumba yake Ibra. Nikapika halua. Kabla haijapoa, Turkiya akanieleza kuwa sumu haihami na gereji. Tope lote litachimbwa, na mpaka lichimbwe kisima kitafungwa, huenda mwaka mzima. Nimeshinda, basi sina maji. Serikali itatuletea kwa lori.

Asubuhi ya kwanza honi ikalia. Nikatoka na ndoo yangu. Aliyekuwa kwenye usukani ni Marhoun. Kazi ya kuleta maji ameipata yeye, maana nani mwengine Ibra ana lori lililo tayari?

"Shikamoo, Bi Wadha. Maji hayo."

"Marahaba. Ya wapi?"

"Ya kisima cha serikali, wallahi."

Nikaweka ndoo chini, nikarudi ndani, nikaleta bilauri. Akaijaza kutoka kwenye mpira, akanitazama, akainywa yote. Nikamjazia ya pili. Akainywa na hiyo. Ndipo nikawaita wenzangu.