Penalti ya Darajani

Klabu yetu, Deportivo Cañaveral, ilidumu miaka ishirini na mitatu. Mechi yake ya mwisho ilichezwa Jumapili moja ya 1981, mimi Evelio nikiwa nahodha.

Siku hiyo tulikuwa kwenye basi, tunakwenda kucheza ugenini. Pamoja nasi alikuwemo mwalimu Abelardo, aliyenifundisha kusoma. Wanajeshi walikuwa wakimsaka kwa sababu ya chama cha walimu. Kocha wetu, don Lito, alimvalisha jezi ya kipa wa akiba, akampa na kitambulisho cha kipa huyo, aliyebaki nyumbani. Avuke mto tu, ng'ambo kulikuwa na watu wakimsubiri.

Darajani tukashushwa. Luteni mmoja wa miwani myeusi akapitia vitambulisho hadi kwa mwalimu.

"Kipa wewe?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa mikono hii ya karani?"

Wanajeshi wakaangua kicheko.

"Huyo wa akiba, afande," don Lito akadakia. "Kazi yake kupasha benchi moto."

"Basi leo anacheza." Luteni akaweka mawe mawili vumbini, akamsimamisha mwalimu katikati. "Nani hupiga penalti?"

Nikanyoosha mkono.

"Piga. Ukimdekeza nitajua, nami nimecheza mpira."

Nilirudi nyuma hatua nne. Nikipiga taratibu, tumekwisha. Nikipiga pembeni nilivyozoea, mwalimu hata hatauona mpira. Nikalenga kifua chake, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Ulimpata chini ya chembe cha moyo. Alianguka chali, mikono imeukumbatia mpira, akatulia kimya.

"Mikono mbele, punda wewe!" don Lito akafoka. "Nimekwambia mara ngapi? Ndiyo maana huchezi!"

Luteni akacheka. "Kweli huyu ni wa benchi. Pandeni."

Ndani ya basi mwalimu alikuwa anahema kwa shida. "Umenivunja ubavu, Evelio."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nyamaza wewe. Hebu nishike nisimame."

Ng'ambo ya mto alishuka kwenye mashamba ya kahawa, akaenda amejishika ubavu, bila kugeuka. Sisi tukaenda kufungwa manne bila. Hakuna aliyekuwa na miguu ya kukimbia.

Jumanne wanajeshi walikuja kumchukua don Lito gerejini kwake. Hatujui nani alisema. Mkewe, Tomasa, alizunguka kambi zote na picha yake mkononi, kila mahali akaambiwa hayupo. Mazoezi ya Alhamisi tulifika watano. Wiki iliyofuata, mimi peke yangu. Wengine walikimbilia Meksiko, wengine milimani kwa waasi. Tulipokosa kufika uwanjani mara tatu, tukafutwa kwenye ligi.

Mwalimu yu hai, uhamishoni Managua. Huniandikia kila Desemba, akisema ubavu bado unamuuma kukiwa na baridi. Humuulizia kila mtu wa basi lile, kwa jina, isipokuwa don Lito. Nami humjibu kuhusu hao tu anaowaulizia.