Riwaya Msimu wa Alizeti

Mwalimu Redempta alikuwa amebakiza sura mbili tu za riwaya yake, na kijiji kizima cha Ihanja kilikuwa kimekula kiapo kwamba hatazimaliza. Hivyo ndivyo alivyoliona jambo lenyewe, na ungemsikiliza kidogo ungekubaliana naye. Asubuhi alifundisha darasa la tano na la sita kwa pamoja, maana mwenzake aliacha chaki akaenda kuuza mitumba Singida mjini. Mchana alichota maji. Jioni alipika, na akiwa jikoni mume wake aliita kutoka barazani kuuliza chumvi iko wapi, wakati chumvi ya nyumba ile haijahama tangu waoane.

Tangazo aliliona kwenye gazeti alilofungiwa sukari dukani. Mwaka ule wa tisini na tatu magazeti mapya yalizuka kila kukicha, na hilo lilikuwa mojawapo. Kampuni ya vitabu iliyoanzishwa Dar es Salaam ilitaka riwaya kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuchapishwa. Mwandiko wa mkono ruksa, mradi usomeke. Mwisho wa kupokea ni mwisho wa Juni, na riwaya itakayoshinda itatolewa kuwa kitabu. Redempta alisoma akiwa amesimama palepale kaunta, sukari ikimwagikia miguuni. Alikuwa akiandika kichwani tangu chuo cha ualimu. Sasa alikuwa amepata mtu wa kumpelekea.

Shida ilikuwa huo mwisho wa Juni. Aliyepanga tarehe hiyo bila shaka hajawahi kuvuna kitu maishani mwake. Juni shule zinafungwa, ndiyo, lakini Juni ndiyo alizeti inakauka, na alizeti haiulizi kama mwalimu ana mashindano. Kukata vichwa, kuvirundika kwenye turubai, kuvipiga kwa fimbo mpaka mbegu zitoke, kupepeta, kujaza magunia kabla lori la mnunuzi halijapita barabarani. Redempta alilima shamba lile mwenyewe, akapalilia mwenyewe, na kila mtu alitarajia alivune mwenyewe.

Alikuwapo Obadia, mume wake. Zamani Obadia alikuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, mtu wa kalamu mfukoni na viatu vinavyong'aa. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa na malori yao yakaanza kufuata mazao hadi mlangoni kwa mkulima, ghala likabaki na popo, naye Obadia akapewa mkono wa kwaheri. Tangu hapo alikaa barazani kwenye kiti cha uvivu, redio kwenye goti. Muda aliokuwa nao mtu yule ungetosha kuandika riwaya kumi na kuzisoma zote. Redempta alipomtazama pale kitini alisikia hasira ya kweli, kwa sababu kitu alichokuwa akikililia usiku na mchana mwenzake alikuwa akikimwaga chini.

"Baba Lea, nisaidie shamba wiki hii moja tu," alimwomba. "Nimalize uandishi wangu."

Obadia hakupunguza redio. "Mama Lea, siku hizi ni soko huria. Kila mtu na biashara yake. Shamba umelima wewe, na hayo makaratasi umejitakia wewe."

"Na ugali unaokula ni biashara ya nani?"

"Sasa umeanza matusi," alisema Obadia, akaongeza sauti ya redio.

Binti yao Lea alikuwa kwa shangazi yake Kilimatinde kwa likizo, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwapatanisha isipokuwa mama mkwe, na mama mkwe hakuwa mpatanishi. Mama yake Obadia aliishi nyumba ya pili ndani ya boma lilelile, na kila alipopita dirishani akamwona mkwewe ameinamia karatasi, alisema kwa sauti ya kusikika, "Haya, barua ya serikali bado haijaisha."

Kisha mwenyekiti wa kijiji akatangaza siku ya kuachia ng'ombe. Kila mwaka ilikuwa hivyo: watu wakishavuna, siku moja inatajwa, na kuanzia siku hiyo mifugo inaingia mashamba yote kula mabua, bila kuuliza mwenyewe ni nani. Aliyechelewa kuvuna hana wa kumshtaki. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Jumanne Redempta alitakiwa awe kwenye basi la Singida na bahasha yake, aiwahi posta. Shamba na riwaya vilikuwa vimewekewa kikomo kimoja, na yeye alikuwa na mikono miwili.

Ndipo alipopata wazo la kuita kazi ya pombe. Ukipika pombe ya mtama ukatangaza, watu wanakuja na fimbo zao, wanavuna shamba lako asubuhi moja, mchana wanakunywa na kuimba, mnaachana vizuri. Wiki nzima ya kazi inakwisha kwa siku. Redempta alijiona mjanja kweli. Akaloweka mtama, akaanika kimea, akamwendea mama mkwe, maana kwa pombe bibi yule hakuwa na mpinzani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia unaita watu."

"Ndiyo mama. Naomba unisimamie kwenye pombe."

Mama mkwe alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Nitakusimamia. Lakini unajua taratibu. Mwenye pombe ndiye anayepiga kichwa cha kwanza, na anakaa kwenye mstari mpaka cha mwisho. Hawa si vibarua wa Mhindi. Wanakuja kukusaidia wewe, si kukufanyia. Utakuwepo shambani?"

"Nitakuwepo mama," alisema Redempta, na hakuwa na nia hiyo hata kidogo.

Jumamosi walikuja wengi kuliko alivyotegemea. Scola, jirani yao, ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Bila yeye kazi ya pombe kijijini hapo haikunoga, na bila ruhusa yake haikuisha. Redempta alifunga kanga kiunoni, akapiga kichwa cha kwanza, mbegu zikaruka, watu wakashangilia. Alipiga na cha pili, na cha tatu. Kisha akasema anakwenda kuangalia pombe, akapita nyuma ya choo, akaingia chumbani, akajifungia.

Ilikuwa asubuhi tamu kuliko zote za mwaka ule. Kalamu ilikwenda yenyewe. Nje aliwasikia watu wakivuna shamba lake, fimbo zikianguka pamoja, na kila zilipoanguka alihisi amepewa muda wa bure. Sura ya kabla ya mwisho iliisha. Alikuwa ameshaandika kichwa cha sura ya mwisho alipotambua kwamba fimbo zimenyamaza na watu wanaimba karibu sana na dirisha.

Mwenye pombe yuko wapi?
Yuko ndani ananyonyesha karatasi.
Karatasi zina mikono?
Basi na zivune alizeti.

Ilikuwa sauti ya Scola, ikiongoza, na wengine wakiitikia kwa raha kabisa. Redempta alitoka na wino kwenye vidole. Watu walikuwa wamesimama uani na fimbo zao. Nyuma yao zaidi ya nusu ya shamba ilikuwa imesimama vilevile ilivyokuwa alfajiri.

"Scola dada yangu, nilikuwa naangalia pombe," alisema.

"Pombe iko huku kwa mama mkwe wako, mwalimu. Huko ndani uliangalia ipi?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kirafiki.

"Nina kazi ya maandishi, ina tarehe yake. Niwieni radhi."

"Na sisi tuna alizeti zetu zina tarehe yake," alisema Scola. "Tumeziacha tukaja kwako. Ungetuambia tu kwamba umetuajiri, tungekutajia bei."

Hapo Redempta alikosea mara ya pili, kosa kubwa kuliko la kwanza. Badala ya kupiga magoti na kushika fimbo, alisema, "Nyinyi mnajua thamani ya pombe tu." Aliyasema na kuyajutia papo hapo, ila yalikuwa yameshatoka. Waliweka fimbo begani, wakaenda kwa mama mkwe, wakanywa pombe yote mpaka sira za chini ya mtungi, wakaondoka bila kumuaga. Obadia alikunywa nao. Alikunywa vizuri sana.

"Umetuaibisha," alisema mama mkwe jioni hiyo, akisugua mtungi. "Siku ukifiwa, hizo karatasi zako ndizo zitakuja kuchimba kaburi."

Redempta alijua kwamba bibi yule alikuwa amesema kweli. Jumapili alivuna peke yake kuanzia misa ilipotoka hadi giza. Watu walipita njiani wakamsalimia kama anavyosalimiwa mgeni. Alikata vichwa mpaka viganja vikachubuka, na alipogeuka kuangalia alichokifanya, akaona ni upande mmoja wa shamba.

Jumatatu asubuhi alichemsha chai, akamtengea Obadia kikombe chake barazani, akaenda kukaa mezani. Alijua vizuri alichokuwa akifanya. Maisha yake yote kitu kikimwagika aliinuka yeye. Mtoto akilia, sufuria ikifurika, mvua ikinyeshea nguo zilizoanikwa, aliinuka yeye, na wote waliomzunguka walikuwa wamelizoea hilo mpaka wakaacha kugeuza shingo. Siku hiyo aliapa kutoinuka. Aliogopa, na chini ya ile hofu palikuwa na chuki, naye hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Kengele za ng'ombe zilisikika kutoka upande wa barabara, kidogo kidogo, kisha nyingi. Aliandika. Akasikia bua la kwanza likivunjika.

"Mama Lea!" aliita Obadia. "Ng'ombe hao!"

Aliandika.

"Mama Lea, ng'ombe wameingia kwenye alizeti!"

"Nimesikia," alijibu, bila kuinua kichwa.

Kisha Obadia alisimama mlangoni, mikono imening'inia. "Si utoke?"

"Kila mtu na biashara yake, Baba Lea."

Redempta alidhani atamtukana, pengine hata atampiga. Obadia alimtazama mke wake, akatazama dirishani, ambako ng'ombe walikuwa wakitafuna vichwa vya alizeti kwa utulivu wa wenye haki, akatoka mbio. Redempta alimsikia akifukuza, akipiga kelele, akianguka, akiinuka. Akamsikia mama mkwe naye akitoka na mchi. Baadaye fimbo zikaanza kuanguka kwenye turubai, fimbo mbili tu, moja ya mzee na moja ya mtu asiyejua kupiga, na katikati ya fimbo yakaja matusi, yote yakielekezwa dirishani kwake. Walimwita mchawi, mvivu, mwanamke asiye na kwao. Akayaacha yaingie. Saa hizo alikuwa akiandika haraka kuliko wakati wowote.

Jua lilikuwa limeshapita utosi alipoweka kalamu chini. Hakusikia furaha aliyoitegemea. Alipanga karatasi, akazifunga kwa utepe, akatoka nje.

Upande wa barabara shamba lilikuwa limeliwa lote. Upande wa nyumba palikuwa na turubai moja yenye mbegu, na Obadia amepiga magoti kando yake, shati limeloa, malengelenge kwenye vidole vile vya karani. Mama mkwe alikuwa kwenye kivuli cha ukuta, anahema.

"Umemaliza?" aliuliza Obadia.

"Nimemaliza."

Obadia alijifuta uso kwa mkono. Tangu riwaya ile ianze hakuwahi kuuliza hata jina lake. "Inahusu nini?"

"Mwanamume mmoja. Alikuwa karani wa ghala, akaachishwa kazi."

Obadia alisimama taratibu, fimbo ikiwa bado mkononi. "Anaishaje?"

"Nimemuua leo asubuhi."

Mama mkwe aliacha kuhema.

"Aliumwa nini?" aliuliza Obadia.

"Hakuumwa," alisema Redempta. "Aligundua kwamba hakuna mahali anapohitajika tena."

Alitaka maneno hayo yamuume, na yalimuuma, aliona yakiingia. Obadia akapiga magoti tena penye turubai, akavuta kichwa kingine cha alizeti, akaanza kukipiga, taratibu, ovyo, nusu ya mbegu zikirukia nje, na hakuinua tena macho mpaka mke wake alipogeuka kuingia ndani kutafuta bahasha.