Msambi wa Iteka

Mama Frednand, jirani yetu hapa Murusagamba, anasema alishuka bondeni asubuhi kukata mafunjo ya kusukia mikeka, akasikia mtoto anaita. Si kulia. Kuita, kama mtu anavyoita kuku wake jioni. Akasimama. Mafunjo yakatikisika, lakini hakutoka mtoto. Alitoka msambi, yule korongo mwenye taji la manjano kichwani, anatembea polepole kama mgeni anayeingia uani kwa watu, na mguuni amefungwa kitambaa chekundu. Mama Frednand anasema ndege yule alimtazama, akainamisha kichwa, halafu akageuka kuangalia nyuma alikotoka, kama anayesubiri mwenzake. Yeye mundu wake aliutupa hapo hapo, akakimbia.

Hivyo ndivyo alivyosema, na kila aliyeuliza alijibiwa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kukata mafunjo upande ule.

Mimi sikumcheka, lakini sikuwa na haraka ya kuamini. Nilipomaliza darasa la saba nilirudi nyumbani, na kazi yangu kila mwaka ni kulinda mtama wa baba. Nakaa juu ya dungu na kombeo langu tangu alfajiri. Mtu akikaa hivyo miaka, ndege anawajua bila kufundishwa. Mbayuwayu hufika Oktoba na mvua za kwanza. Korongo weupe hupita Novemba, wengi, ukiwaona mlimani utadhani ni nguo zimeanikwa. Wanakula panzi siku chache na kuondoka. Mwewe ukitaka kuwaona vizuri ngoja Agosti, watu wakichoma nyasi, utawakuta ndani ya moshi. Misambi wapo mwaka mzima, ila wakati wa mvua kila dume na jike lake hujificha kwenye mafunjo kulea vifaranga. Ni kiangazi, Juni na Julai, ndipo wanapokusanyika bondeni kundi zima, na jua likichomoza wanacheza. Wanaruka, wanainamiana, wanatupa vijiti juu kama watoto.

Mwaka ule wa tisini na nne walikusanyika kama kawaida yao. Lakini hawakucheza. Niliwatazama kila asubuhi kutoka dunguni. Walisimama tu kwenye ukungu, wote wameelekea upande wa Burundi.

Oktoba iliyotangulia watu walikuwa wamevuka bonde lile wakikimbia mauaji kwao. Wapo waliovuka, na wapo ambao hawakufika ng'ambo. Maji ya pale tuliacha kuyachota kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwa nini.

Nimpaye alikuja kwetu na wanawake wa kambi ya wakimbizi waliokuwa wakitafuta kibarua cha kuvuna. Mrundi, mwembamba, si msemaji. Kirundi chake na Kihangaza chetu vinasikilizana, kwa hiyo tulielewana tangu siku ya kwanza. Mchana tulikaa kivulini tukila viazi, Mama Frednand akatokea na kapu lake.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mke wa kware! Bado hao ndege wako hawajaleta mahari?"

Wanawake wakacheka. Hata Nimpaye alitabasamu. Mama Frednand akiona watu wamecheka hanyamazi, akakaa chini na kuanza habari yake ya bondeni, mikono yote hewani. Alipofika kwenye kitambaa chekundu, kiazi kilimponyoka Nimpaye mkononi.

"Mguu gani?" akauliza.

"Wa kushoto."

"Kimefungwa mafundo mawili?"

"We dada! Mimi natafuta pa kukimbilia, nikae nihesabu mafundo?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Nimpaye akatueleza taratibu, macho chini. Kwao ni kama kwetu: msambi akiingia uani hafukuzwi wala haliwi. Ni baraka. Hukatwa manyoya ya bawa moja ili asiruke, akawa wa nyumbani, anakula wadudu na anapiga kelele nyoka akiingia. Msambi wao alikuwa wa binti yake, Iteka, mtoto wa miaka minane. Iteka ndiye aliyemfunga kitambaa, kipande cha kanga ya mama yake. Iteka ndiye aliyekuwa akimkata manyoya kila kiangazi kwa kisu cha jikoni. Walipokimbia, ndege aliwafuata kwa miguu. Walipofika kwenye mafunjo Nimpaye alimficha mtoto pamoja na ndege wake, akarudi njiani kumbeba mama mkwe aliyeishiwa nguvu. Aliporudi hakupaona tena mahali pale. Mafunjo yote yanafanana.

"Yule ndege haachani naye," akasema. "Alipo yeye, Iteka yupo."

Ilikuwa Julai. Hakuna aliyetaka kuhesabu miezi kwa sauti.

Nikamwambia kwa upole, "Mama, manyoya yaliyokatwa hudondoka, yakaota mengine. Asipokatwa tena, sasa hivi atakuwa anaruka na wenzake."

"Najua," akasema Nimpaye. "Ndiyo maana nataka kumwona. Akiruka, nitajua hana tena wa kumkata. Nitarudi kambini nikamlilie mwanangu. Akiwa amekatwa, nitajua pia. Nipelekeni."

"Ndege ni ndege tu," Mama Frednand akasema, anakusanya kapu lake. "Na mimi kule sirudi."

Lakini kesho yake, jua likianza kuchomoza, tulimkuta anatusubiri mwanzo wa njia ya bondeni, amejifunika kanga mpaka kichwani. Hakutania. Alishuka nasi mpaka bondeni.

Misambi walikuwa wamesimama kwenye maji machache. Tulipokaribia, wakainuka wote kwa pamoja, na sauti yao ikajaa bonde zima. Mmoja alibaki. Alikimbia akafungua mabawa, akaruka kidogo, akaanguka upande. Bawa moja lilikuwa fupi.

Nimpaye akachuchumaa. Akatoa kooni mlio fulani mdogo, na ndege akasimama. Kisha ndege huyo akamsogelea mpaka akamfikia. Nilikiona kitambaa mguuni, kimepauka, kina mafundo mawili. Nimpaye akalikunjua lile bawa kwa vidole viwili, akapitisha kidole kwenye ncha za manyoya. Zilikuwa zimekatwa sawasawa, na pale kisu kilipopita palikuwa peupe.

"Mapya," akasema. "Tazameni. Haya si ya mwaka jana, haya ni ya kiangazi hiki. Amemkata! Mwanangu amemkata!"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukirudi ujana namna ile.

Mama Frednand alikuwa ameokota mundu wake uliokwisha kushika kutu. Akanivuta kwa nguo mpaka nyuma kidogo.

"Ernesta. Bawa lile nililikata mimi."

Nilimtazama.

"Aliingia uani kwangu mwezi uliopita. Nikamfunika kwa tenga, nikamkata, kama tunavyofanya siku zote. Nilisema Mungu amenikumbuka. Ningejua ni wa nani? Baadaye akatoroka kwa miguu, nikamfuata mpaka hapa."

"Alikuwa na manyoya?"

"Yote. Marefu. Alikuja akiruka."

"Na mtoto anayeita?"

Akatazama mafunjo. "Bawa niliwaficha. Sauti sikuitunga. Naapa kwa Bikira Maria, niliisikia, na yule ndege aliisikia."

"Mwambie basi habari ya bawa."

"Siwezi. Mwangalie alivyo. Mwambie wewe, wewe ndiye mtu wa ndege."

Nikarudi alipo Nimpaye. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, mkono mmoja juu ya mgongo wa msambi, anayatazama mafunjo yale marefu kama mtu anayetazama mlango. Nilishangaa kwamba hakuita. Mama amefika kwenye mafunjo alikomwacha mtoto, anaamini yupo, lakini amenyamaza.

Neno la bawa nililiacha. Badala yake nikauliza, "Mbona humwiti?"

"Siwezi kumwita mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Wale watu walikuwa wakiwashika akina mama, wanawalazimisha waite watoto wao watoke. Kwa hiyo nilimwambia Iteka: hata ukisikia sauti yangu, usitoke. Ukinisikia nakuita, ndiyo kabisa usitoke. Naye ni mtoto msikivu, haniasi."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto na vimejaa matope.

"Mwite wewe, mdogo wangu. Sauti yako haijui, sikumkataza. Mwambie yamekwisha. Mwambie msambi yupo huku na mama yupo huku."

Nyuma yangu Mama Frednand alikuwa akisali. Msambi aliinamisha kichwa, kisha akageuka kuangalia nyuma alikotoka, vile vile kama tulivyohadithiwa.

"Mwite," Nimpaye akasema. "Mwite, nakuomba."