Habari Bila Salamu

Célestin alikuwa ameshafika kwenye salamu za watu wa Lubunga, na bado hajasema neno hata moja juu ya kidaraja kilichovunjika mbele yake. Alisimama mguu mmoja chini, mwingine juu ya pedali ya toleka yake, baiskeli ya kubebea abiria, simu ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya manyunyu, na midomo yake imekaribia kuigusa.

"Na weye mama wa Lubunga, unavuka na basani ya mihogo ku kichwa, bonjour," alikuwa akisema, sauti imejaa na haina haraka. "Na wale walilala mu hopitali, Mungu awaponyeshe. Na ba papa ya toleka, na ba petits ya pikipiki, tuko pamoja."

Kijito kilikuwa kimefura mpaka kimegusa majani ya kando. Mvua kubwa ya alfajiri ilikuwa imebeba mbao zote za kidaraja, zikabaki nguzo mbili tu zimesimama majini bila kazi. Célestin aliyaona hayo yote, lakini kila jambo na wakati wake. Mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa tayari mlangoni, akaongeza kwamba kilalo, yaani kile kidaraja, cha nyuma ya soko la Mangobo kimekatika, watu wapitie ku lami. Akaachia kitufe, na audio ikaenda.

Ilikwenda kwenye forum ya simuni, kundi linaloitwa Njia Leo. Aliyeianzisha ni Vicky, mwanamke anayeuza mega za intaneti na kuchajisha simu za watu pale bandarini Makiso, baada ya kuchoka kuulizwa na kila mteja kama kivuko cha Lubunga kinafanya kazi leo au kimelala. Redio nazo zilitoa habari, ila mara nyingi zilizitoa wakati watu wamekwisha kukwama. Katika Njia Leo, aliyeona ndiye anayesema, na anasema akiwa bado amesimama palepale: treni imefika kutoka Ubundu, moto umeshika vibanda, waya wa umeme umeanguka msiuguse. Wenye pikipiki wamo, wauza samaki wamo, wauguzi na wanafunzi wamo. Wengi hawakuvaa viatu asubuhi kabla hawajafungua simu.

Vicky alikuwa ameweka sheria zake. Hakuna siasa, hakuna picha za maiti, hakuna zile sala za kutisha watu kwamba usipozisambaza utapata balaa. Salamu hakuzitaja, watu wenyewe ndio waliozileta. Ukitupa habari pale bila kusalimia, kabla hujashukuriwa utaulizwa kama mlilala nyumba moja. Na kwa kusalimia, Célestin hakuwa na mpinzani.

Aliyatoa mtoni hayo. Alikulia Yanonge, na kule mitumbwi miwili ikionana kwa mbali, salamu zinaanza hapohapo. Wanaulizana habari za watoto, za wagonjwa, za wazee, wakipiga kasia taratibu, mpaka mitumbwi inakaribiana ubavu kwa ubavu, ndipo wanaulizana maji yakoje huko mbele. Salamu zinajaza ule umbali. Kwenye simu hakuna umbali wa kujaza, lakini hilo Célestin hakuwahi kulifikiria.

Na tuseme ukweli, alikuwa anaringa kidogo. Miaka yote hii amebeba watu kwenye kiti cha sponji nyuma ya baiskeli yake, na abiria wa toleka haoni kitu isipokuwa mgongo wa dereva. Hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Lakini asubuhi, kabla jua halijapanda, mji mzima ulimsikia, na wapo waliosema hawanywi chai mpaka Papa Célestin awasalimie. Mke wake, Marthe, alimtania kwamba hata askofu hubariki watu kwa maneno machache kuliko hayo. Célestin alijibu kwamba askofu hana abiria.

Asubuhi ile, akiisha kutuma audio yake, hakuondoka. Alikata matawi akayapanga katikati ya njia yawe alama kwa yule asiye na simu. Alikuwa anaburuta tawi la mwisho aliposikia pikipiki inakuja kwa kasi kutoka Mangobo, ikiteleza huku na huku kwenye matope. Akainua mikono yote miwili. Dereva akafunga breki, na nyuma ya dereva Célestin akamwona binti yake Chancelle, na nyuma ya Chancelle mume wake, Jephté, amemkumbatia asianguke.

Chancelle alikuwa na mimba yake ya kwanza, na uso wake ulikuwa umepauka. Jephté, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa maneno machache, alisema yote kwa pumzi moja. Uchungu umeanza. Mkunga wa kituo cha afya amempima na kukuta mtoto amelala kwa kukingama. Amesema waende hospitali kubwa sasa hivi, wasingoje kitu.

"Mbona mumepita huku?" Célestin aliuliza. "Nilisema kilalo kimekatika."

Jephté aliangalia maji, kisha akamwangalia baba mkwe wake.

"Papa, audio yako tuliifungua. Tulisikia unasalimia muzuri, na furaha. Mi nikasema, kama njia iko mubaya, papa hangesalimia vile. Nikafunga simu, tukakuja."

Célestin aliiangalia simu yake ndani ya mfuko wa plastiki. Alitaka kusema kwamba audio husikilizwa mpaka mwisho, na maneno hayo yalikuwa tayari ulimini, lakini Chancelle akaguna kwa maumivu na maneno yakamwishia. Kurudi mpaka lami ilikuwa ni safari ndefu ya matope, na pikipiki ilikuwa imeshateleza vya kutosha. Ng'ambo ya kijito hospitali haikuwa mbali. Pikipiki isingeweza kuvuka, ni nzito na maji yangeizima. Lakini toleka watu wanaweza kuinyanyua.

Wanaume waliokuwa wanaelekea sokoni walikuwa wamesimama ng'ambo wakitafakari pa kupita. Célestin akawaita, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuita watu bila kuwasalimia. Wakavua viatu wakaingia majini. Walimkalisha Chancelle kwenye kiti cha sponji, wakashika baiskeli mbele na nyuma na ubavuni, wakaiinua juu ya maji yaliyowafika kiunoni, wakaenda hatua kwa hatua kama wanaobeba kiti cha bibi harusi. Célestin alishika usukani akitembea kinyumenyume ili amwone binti yake usoni. Mguu wa mmoja ukateleza kwenye jiwe, baiskeli ikainama, wote wakapiga kelele, kisha ikasimama tena.

Ng'ambo akapanda, akaanza kukanyaga pedali. Jephté alikimbia pembeni, mkono mmoja mgongoni kwa mkewe. Chancelle alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mgongo wa baba yake, na Célestin alihisi kila uchungu unavyokuja na kuondoka, kwa namna vidole vyake vilivyomkamata shati. Katikati ya uchungu mmoja na mwingine, Chancelle akamsemesha.

"Papa, sauti yako iko muzuri," alisema. "Lakini iko murefu."

Célestin akacheka, na papo hapo machozi yakamtoka. Hakujifuta, kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye usukani.

Walifika. Wakamchukua Chancelle ndani, wakampasua, na kabla ya mchana mtoto wa kike alikuwa ametoka, mzima, na mama yake mzima. Daktari alisema wamewahi, akaongeza kwamba wangechelewa zaidi asingependa kusema mengi. Marthe alikuja mbio kutoka sokoni, akaangalia mtoto, akamshukuru Mungu, kisha akapiga marufuku mtu yeyote kumtangaza mtoto kabla mama yake hajasimama kwa miguu yake. Ndivyo walivyofanya kwao siku zote, na pale hakuna aliyekuwa na nguvu za kumbishia.

Célestin alikaa kwenye benchi la nje akafungua audio yake. Hakuwa na desturi ya kujisikiliza. Akaisikiliza yote, na alipofika kwenye salamu za waliolala hospitali alitamani aruke mbele, lakini akajilazimisha kuvumilia. Kidaraja kilikuwa mwishoni kabisa, na tena amekitaja kwa sauti ileile ya furaha. Aliona haya mpaka akaangalia kama kuna mtu karibu. Alikuwa amejifurahisha na sauti yake wakati binti yake yuko njiani. Hapo hapo akajiapiza kwamba kuanzia kesho atatoa habari tupu, bila salamu.

Kesho yake akakuta lori la makaa limelala ubavu karibu na soko. Akafungua simu, akavuta pumzi.

"Lori ya makala imelala mu njia, pembeni ya soko ya Mangobo. Pitia ku lami."

Akaachia kitufe. Alijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Angependa kuona watu watasema nini, lakini simu haikuwa na chaji, kwa kuwa ndugu walipiga tangu jana bila kupumzika, na muda si mrefu ikazima. Akaitia mfukoni, akabeba abiria wake kama kawaida, watu na mizigo yao, mpaka jua likawa kali na njaa ikamrudisha nyumbani.

Kabla hajaingia uani aliona turubai. Lilikuwa limefungwa toka paa la nyumba yake hadi kwenye mpapai, na chini yake kulikuwa na viti vya plastiki. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, vitambaa wamevifunga kichwani kwa namna ya matanga. Wanaume wameshika tama. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, na watu wengi pale hakuwajua kabisa.

Toleka ikamtoka mikononi, ikaanguka.  Jana amemwacha Chancelle anapumua vizuri, amemwacha mtoto analala, lakini jana ni jana, na Marthe alikuwa huko hospitali, na yeye Célestin simu yake imezima.

"Nani amekufa?" aliuliza, na sauti ile ambayo mji mzima uliijua haikufika hata kwenye mkeka wa kwanza.

Watu wakatazamana. Vicky akasimama katikati yao, macho mekundu.

"Papa Célestin, ni weye utuambie," alisema. "Jana ba papa ya soko walisema mu forum, mumevusha Chancelle mu maji. Tukangojea habari. Leo unasema lori, unanyamaza. Hata bonjour hakuna. Tukajua: huyu mutu hasalimie, kwake kumeharibika."

Célestin akakaa chini, pale pale mavumbini. Alijaribu kueleza akashindwa, akanyoosha mkono tu, na Vicky akaelewa akampa simu yake. Akampigia Marthe, simu ikaita mara nyingi kabla haijapokelewa. Kisha sauti ya Marthe ikatoka, imejaa chakula na hasira, ikitaka kujua yule mwanamume aliyeagizwa sabuni tangu asubuhi yuko wapi, kwa sababu Chancelle anakula, mtoto ananyonya, Jephté amelala kwenye kiti, na nguo haziwezi kufuliwa na maji matupu.

 Kisha mama mmoja mzee akaanza kucheka, akafungua kitambaa chake cha kichwani, akajifutia nacho macho, na kicheko kikaenda kiti kwa kiti. Wengine walikuwa wanalia bado, maana machozi yakishaanza hayaambiwi yarudi. Kwanga, ile mikate ya mihogo, na samaki walioletwa kwa ajili ya matanga vikafunguliwa vyote, kwa kuwa njaa haikujali vililetwa kwa sababu gani. Mwanamume mmoja aliyevuka mto tangu asubuhi alimwangalia Célestin toka juu hadi chini, akasema yeye siku zote alidhani mwenye sauti ile ni mtu mnene.

Célestin alipita kwenye viti akawashika mikono mmoja mmoja. Aliwauliza wanatoka wapi, nao wakamtajia mitaa yao, Kabondo, Tshopo, Lubunga, mitaa aliyoisalimia kila siku bila kujua ina nyuso gani. Hakujua aombe msamaha au ashukuru, akafanya yote mawili kwa kila mtu. Moyo wake ulikuwa umejaa hata akaogopa kusema sana.

Vicky, akiwa admin, akatoa amri hapo hapo akiwa na kipande cha samaki mkononi. Kuanzia sasa Papa Célestin atatuma audio mara mbili. Ya kwanza ni ya njia, fupi, na mwenye haraka aishie hapo. Ya pili ni ya salamu, na hiyo airefushe anavyotaka. Ila asiache hata siku moja, kwa sababu turubai si la bure na watu wana kazi zao.

Alikuwa bado anaongea simu yake ilipolia. Marthe, aliyekwisha kuambiwa juu ya ile hadhara iliyojaa uani kwake, alikuwa ameivunja marufuku yake mwenyewe na kutuma audio kwenye forum. Vicky akaongeza sauti mpaka mwisho, akampa Célestin simu aishike.  Kwanza ikasikika shuka ikisogezwa, na Chancelle akinong'ona neno ambalo halikushikika, kisha mtoto akalia, kwa nguvu, bila kumsalimia mtu yeyote.

Célestin aliinua simu juu ili na walioko pembeni ya mpapai wasikie. Walisikiliza mpaka mwisho, na ilipokwisha, mama mmoja wa Lubunga akaomba irudiwe.