Mkwe Aliyenikimbia kwa Heshima

Ninyi kina mama wenye mabinti walioolewa ng'ambo ya mito, sikilizeni. Mwenye mimba akivimba uso, kichwa kikamgonga, macho yakaona nyota mchana, huyo hajanona. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mwenye mji hayupo.

Binti yangu Nyanchera aliolewa na Momanyi, upande wa pili wa mto Gucha. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, wakati watu wa milima yetu walikuwa wameanza kung'oa wimbi na kupanda chai. Kutoka mlangoni kwangu boma lao naliona, hata moshi wa asubuhi. Kufika ndiyo kazi. Unashuka kwenye mashamba ya pareto mpaka mtoni, unafuata maji hadi kwenye gogo la kuvukia, halafu unapanda mlima wao mikono ikiwa magotini.

Sisi Wagusii tuna haya yetu tunayoita chinsoni. Mama wa msichana haingii nyumba ya mkwe wake hivi hivi, mpaka siku aingizwe kwa sherehe, na mimi siku yangu ilikuwa haijafika. Mkwe naye akikuona njiani, anakuachia njia. Momanyi alikuwa na adabu kupita wote. Jirani yangu Mokeira alinicheka sana kwa ajili yake.

"Wewe una mkwe au una swara?" aliniambia siku moja, akitoka soko la Keroka. "Leo ameona kitambaa changu akafikiri ni wewe. Amelala kwenye mtaro na shati ya kanisa!"

"Muongo wewe."

"Muulize Nyanchera, walikuwa pamoja. Na amenona huyo binti yako! Uso umejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Mama mkwe wake anasema ni mtoto wa kiume."

Kicheko kiliniisha. Dada yangu alinona hivyo hivyo, tukamzika na mimba yake.

Kesho yake nikashuka, nikavuka, nikapanda. Nyanchera alikuwa kwenye mkeka kando ya ghala, jua linampiga. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo likabaki pale pale.

"Mama, kuna nyota," akasema.

"Nyota gani, mama?"

"Hizo, kwa migomba."

Nikamwambia Drusilla, mama yake Momanyi, "Huyu aende hospitali sasa."

"Mkwe, kaa kwanza unywe uji," akanijibu. "Mimi nimezaa wote hapa hapa. Unaona kaburi la mzazi katika boma hili?"

"Silioni, na sitaki kuliona."

"Basi ngoja mwenye mji. Amepeleka majani kituoni, wanaume wote wako huko. Mimi na wewe tutambeba na kichwa?"

Hapo alisema kweli. Nikaacha uji, nikashika njia ya mgongo wa mlima kwenda kituo cha chai.

Sikufika mbali. Nilimwona Momanyi anakuja, kikapu kitupu mgongoni, anapiga mluzi. Aliponiona mluzi ukakatika. Akainama, akaingia katikati ya chai, akaanza kuteremka ili mimi nipite.

"Momanyi!" nikaita. Kumtaja mkwe jina lake, mdomo wangu wenyewe ulishangaa.

Hakugeuka. Nikaingia kwenye chai nyuma yake. Aliposikia nyayo zangu alifikiri njia yangu ndiyo hiyo ya chini, basi akaongeza mwendo ili asinizuie. Nami nikaongeza. Wanawake waliokuwa wakipalilia mahindi waliinuka kutazama.

"Mama, mwache kijana, utamla?"

"Mwambieni asimame!" nikasema, pumzi hakuna.

Mmoja akapaza sauti huku anacheka, "Wewe Momanyi, simama, mama mkwe anakutaka!"

Ni kama amempiga kijana huyo na fimbo. Walikuwa wamezoea kumtania kwa adabu yake, na hii pia aliiona ni mzaha. Akakimbia kabisa. Kikapu kilimdunda mgongoni mpaka mtoni, akavuka gogo, akashika njia ya kwetu.

Mimi nilifika kwenye maji, yeye yuko ng'ambo. Neno la kumsimamisha lilikuwa moja tu, lakini lilikuwa neno la mimba. Mama mkwe hataji mimba mbele ya mkwe wake, afadhali avue nguo. Nikatazama mgongo wake ukipanda, ukiwa mdogo. Nikapiga kelele.

"Mke wako anakufa na mimba yako!"

Momanyi alisimama, mgongo bado kwangu.

"Nani amesema hivyo?"

"Ni mimi, mama yake. Mtafutie watu wa kumbeba!"

Alishuka mbio mpaka kwenye gogo, hapo akasita, kwa sababu nilikuwa nimesimama mwisho wake. Niliingia kwenye matete, nikageuza uso. Ndipo akapita. Nilisikia anapumua kama anayelia.

Heshima ni nzuri, sikatai. Lakini wekeni mtu kati yenu na mkwe, mtoto au jirani, ajulikane tangu mwanzo kwamba akiita, hilo si jambo la mzaha.

Nilipokuwa napanda tena, mvua ya mawe ikaanza kupiga chai. Nilifika bomani nimelowa. Wanaume walikuwa wanafunga blanketi kwenye miti miwili iwe machela. Ndani ya nyumba kifafa kilikuwa kinamtupa Nyanchera, kitanda kinagonga ukuta, na kila kilipogonga Drusilla alimwita Yesu. Nikasimama chini ya paa, mkono kwenye kizingiti.

"Mkwe, usikanyage!" Drusilla akasema. "Usituongezee jambo!"

Sikukanyaga. Wakamtoa, meno yameshikana, damu mdomoni. Niliushika mguu wake kidogo tu, wakaondoka.

Momanyi alikuwa amebeba mti kwa nyuma. Kila nilipokaribia, mabega yake yalilegea, akawa kama anataka kuniachia njia na mzigo uko begani. Basi nikabaki mbali. Nilifuata machela kwa macho, mlima mzima.

Mtoni walisimama. Maji yalikuwa yamepanda, gogo halikuonekana, na barabara ya hospitali iko ng'ambo. Nilikuwa juu kwenye mteremko. Waliweka machela chini, wakazunguka wakitafuta mahali pa kupita. Mmoja akaingia mpaka kifuani, akarudi. Kisha mwingine akainama juu ya blanketi, akaweka sikio mdomoni mwake, akainuka na kuvua kofia. Wenzake wakavua.

Momanyi hakuwa na kofia. Alikuwa bado ameshika mti wake, anawaambia wainue.