Mbwa Aliyechukia Mizigo

Mkwe wangu Frankline alimleta yule mbwa kwa pikapu kutoka Osiri, kule wanakochimba dhahabu. Hakuingia ndani. Alisimama langoni, kofia mkononi, macho chini, akasema, "Mama, nimekuletea mlinzi."

"Asante, baba," nikajibu, na mimi nikiangalia ua wa minyaa.

Basi. Hayo ndiyo yote tuliyosemezana. Kwetu sisi Wajaluo mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na hawaulizani maswali. Yeye hangeweza kuniambia ubaya wa mbwa wake, na mimi singeweza kumwuliza. Akafunga kamba kwenye nguzo ya jikoni, akaenda zake.

Alikuwa jike la shepadi, wale mbwa wa polisi wenye masikio ya kusimama. Kule machimboni walimwita Sajini. Nilidhani ataishi pale kwenye nguzo, lakini nilipomfungua hakukimbia. Nikiamka, anaamka. Nikichambua mboga, anaweka kidevu juu ya mguu wangu.

Mume wangu, baba Zadock, tulimzika hapo ubavuni mwa nyumba. Zadock mwenyewe, mwanangu, yuko kisiwani Remba na nyavu zake, na binti yangu Lynnet ndiye ameolewa na huyo Frankline huko Migori. Nyumba yangu ina viti vingi kuliko watu. Kwa hiyo nikaanza kumwambia Sajini habari za zamani, hata zile ambazo Dolphine alishachoka kuzisikia.

Dolphine ni jirani yangu hapa Kendu Bay, anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Kila alasiri akitoka ufuoni alikuwa anapitia kwangu, anatua beseni, tunakunywa chai, tunasengenya kidogo watu wa kanisa. Siku hiyo aliingia kama kawaida, beseni kichwani. Sajini hakubweka hata. Aliruka tu, akamshika shavu la mguu. Omena zikamwagika uwanja mzima, kuku wakafurahi.

"Min Zadock!" akapiga kelele, yaani mama Zadock. "Siku hizi unafuga shetani?"

Nilimwosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, nikampeleka zahanati achomwe sindano. Alinisamehe, kwa mdomo. Lakini alasiri iliyofuata nilisikia sauti yake ng'ambo ya ua, anapita njia ya chini na wenzake. Nilikuwa nimeshaweka vikombe. Chai ikapoa kwenye birika.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja, isipokuwa asistanti chifu, na yeye alitumwa na malalamiko. Aliingia mikono mitupu. Sajini akamnusa viatu, akarudi kulala.

"Mama, huyu ndiye anauma watu?" akauliza, kama anayeona nimemwonyesha mbwa mwingine.

"Ndiye."

"Sasa mtafutie pahali pengine. Ukikosa, nitatuma vijana wammalize. Sitaki tena kuitwa hapa kwa sababu ya mguu wa mtu."

Alipoondoka nilikaa na lile jambo. Huyu ni mgeni kabisa, na hakuguswa. Okari anayenunua mbuzi alipita kabla ya Dolphine kuumwa, naye hakuguswa. Watoto wa shule, wenye vibegi mgongoni, hao mbwa anataka kuwararua kutoka ndani ya lango. Nilielewa siku niliyotoka kuokota kuni. Nilikuja na mzigo kichwani, na Sajini wangu, aliyelalia mguu wangu asubuhi, akasimamisha manyoya, akaninguruma. Nikatua kuni chini. Akaja akanilamba mkono, anatetemeka mwili mzima.

Nikampigia Lynnet simu. "Muulize mume wako huyu mbwa alifunzwa nini."

Nikamsikia Frankline pale pale kando yake. "Mwambie mama alifunzwa kukamata mtu yeyote anayetoka shimoni na gunia la mawe ya dhahabu."

"Mama, anasema alifunzwa—"

"Nimesikia. Muulize, alifunzwa namna gani?"

Frankline akajibu kutoka kando. "Mwambie mama alipigwa. Mtu anajitwika gunia halafu anampiga kwa fimbo, kila siku, tangu mdogo. Na mwambie waliomzaa ni ndugu wa tumbo moja. Tajiri wa kule anapandisha mkali kwa mkali, watoto anawauza hata hawajaacha kunyonya. Mwambie walitaka kumwua, ndiyo nikamtoa."

"Na kwa nini hakuniambia siku ile?"

Lynnet akacheka. "Mama, angekuambiaje? Wewe ni mama mkwe wake!"

Nikacheka pia. Lakini mguu wa Dolphine ndio uliolipia heshima yetu.

Habari zikafika Homa Bay mjini, kwa mtu anaitwa Maranga anayezalisha mbwa. Alikuja na begi mgongoni, akasimama nje ya lango huku Sajini akilipuka ndani.

"Dani," akaniita, kama mjukuu anavyoita nyanya yake, "nipe mimi huyo. Nina dume kali kumshinda. Watoto wao kila mwenye duka atawataka!"

"Unataka kuongeza wengine wa kutetemeka?"

"Nani anatetemeka? Huyo ni moto!"

"Basi ingia umguse ubavu. Usitoe begi."

Akaangalia begi, akaangalia meno, akaniambia nibaki salama.

Ni Onyancha, daktari wa mifugo, aliyemkumbuka Mwikwabe, Mkuria anayefuga ng'ombe karibu na mpaka wa Tanzania. Huyo alikuja na fimbo tu, na hata hiyo aliiweka nje. Hakumwita mbwa. Alichuchumaa, akageuza uso upande mwingine, akaanza kuniuliza habari za mvua, mpaka Sajini akaja mwenyewe kumnusa shingo.

"Kwetu mizigo inabebwa na punda," akasema.

"Akimrukia punda je?"

"Punda ana mateke. Wataelewana."

"Na wake zenu hawabebi kuni?"

"Wanabeba. Huyu atakaa malishoni na mimi, mbali na nyumba. Na nitamfunza polepole, kwa gunia tupu na kipande cha nyama. Si mwezi mmoja, mama. Lakini ng'ombe wananifunza kungoja."

Nikampenda hapo. Lakini nikamwambia kwanza Onyancha atamfunga kizazi.

"Mama! Jike asiyezaa ni wa nini?"

"Ni wa ng'ombe wako. Mimi niliacha kuzaa zamani, na bado naamka kufungulia kuku."

Alicheka mpaka akaketi chini. Akakubali.

Wakati Sajini anauguza kidonda cha kufungwa kizazi, nilimlaza kwenye shuka la baba Zadock. Nilimpa uji na omena kidogo, nikamzuia asijilambe. Sikumwambia anakwenda wapi. Nilimwambia tu zile habari za zamani, safari hii mpaka mwisho.

Mwikwabe alipomchukua, niliwasindikiza mpaka barabarani nikiwa nimeshika kamba mimi. Sajini aligeuka akanitazama. Kisha nikampa Mwikwabe kamba, nikarudi haraka, asije akaniona nimesimama akagoma.

Dolphine alikuja, kweli. Akasimama langoni. "Ameenda?"

"Ameenda."

Akaingia, akanywa chai, akanipa habari zote za kanisa. Akasema atakuja tena. Lakini ile njia ya chini miguu yake ilikuwa imeshaizoea, na wenzake wanapita huko, na kuna kivuli. Siku nyingine huwa nasikia kicheko chake ng'ambo ya ua.

Mimi nikitoka kuokota kuni, bado natua mzigo langoni. Naingia kwanza mikono mitupu, nasimama uwanjani kidogo. Halafu narudi kuuchukua.