Kiti cha Verlin Tackett

Jumanne, tarehe 11 Machi 1941, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, jina la Verlin Tackett lilikuwa limefutwa kwenye kiti cha turubai alichokikalia kwa filamu ishirini na tatu za kauboi. Mahali pake paliandikwa PRUITT.

"Usikikalie, Verlin," akasema Hobart, mwongozaji. "Rangi haijakauka."

"Ila mimi nimeshakauka."

"Umenenepa, mkanda wako wa kiunoni tumeutoboa matundu mapya mara tatu. Leo tunamjaribu kijana tu. Akifaa..."

"Akifaa, nakwenda kuuza matrekta kwa shemeji."

"Si kazi mbaya."

"Humjui shemeji."

Verlin akachukua kahawa na andazi, akaketi juu ya ua wa mbao, mbali na kamera.

Kauboi wa filamu haimbi akiwa juu ya farasi. Wimbo hurekodiwa mapema, kisha santuri hupigwa kwenye spika naye huchezesha midomo. Dwayne Pruitt alikuwa hajarekodi chochote, kwa hiyo fundi wa sauti akaweka santuri ya Verlin. Hakuona ubaya, midomo ni midomo.

Dakota, farasi wa kampuni, alikuwa ameisikia sauti hiyo miaka sita. Kila wimbo ulipotoka kwenye spika, tofaa lilitoka mfukoni mwa Verlin. Dakota hakuwahi kuyatenganisha hayo mawili. Pruitt alipofumbua kinywa, Dakota akageuka, akampitisha kijana mbele ya kamera, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ua na kula andazi la Verlin.

"Mzee, mzuie basi."

"Hatamu unazo wewe, bwana mdogo. Mimi nakunywa kahawa."

Wakarudia mara mbili, na mara mbili Dakota akarudi kwenye ua. Ndipo Pruitt akaimba kwa sauti yake mwenyewe. Dakota akafumba macho, akalegeza mdomo wa chini, asiinue hata kwato.

"Nipeni farasi mwingine," akasema Pruitt.

"Wiki iliyopita tulipata barua mia nne za watoto," akajibu Hobart. "Mia tatu na tisini za farasi huyu."

"Na kumi zilizobaki?" akauliza Verlin.

"Wanauliza farasi anakula nini."

Hobart akaenda kumpigia simu mkuu wa kampuni. Aliporudi, alimkabidhi Pruitt kofia nyeusi, ile ya jambazi. Saa kumi na dakika kumi alasiri fundi rangi akafuta PRUITT, akaandika TACKETT, na Hobart akamletea Verlin mkanda mpya, mrefu kuliko ule wa zamani.